Beetle ya 1968: betri mpya lakini haijai, naombeni ushauri

Kobe68:
Wakuu, habari zenu. Nina Volkswagen Beetle ya 1968, umeme wa volti 12, bado ina dainamo (mashine inayozalisha umeme wa gari) yake ya asili. Niliachiwa na marehemu baba, kwa hiyo sipendi kubadilisha vitu vyake ovyo.

Nikiiendesha usiku mbili mfululizo, asubuhi yake starta inazunguka kwa unyonge mpaka nisukumwe. Hii ni betri ya pili ndani ya miezi minane. Mchana taa nyekundu ya chaji inazimika vizuri nikikanyaga mafuta. Usiku nikiwasha taa kubwa, inabaki na wekundu hafifu sana. Mkanda ni mpya. Fundi anasema dainamo imekufa, nifunge alternita, ile ya kisasa inayochukua nafasi ya dainamo. Nianzie wapi?

Safari_Ndefu:
Pole mkuu. Tafuta betri kubwa zaidi, yangu ilitulia hivyo.

FundiNyaya:
Hapana jamani. Betri kubwa isiyojazwa itakufa vilevile, itachukua siku nyingi zaidi tu. Kobe68, usinunue chochote kwanza. Una mita ya kupima volti? Pima betri asubuhi kabla hujawasha gari: iliyojaa inasoma kama 12.6, ikiwa 12.2 ipo nusu. Kisha washa, kanyaga mafuta kiasi, pima tena palepale kwenye betri, taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa. Usipime injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, maana dainamo kwa mwendo huo karibu haichaji kitu, na hilo si ugonjwa.

Na tafadhali, usichomoe betri injini ikiwa inazunguka, hata ukiambiwa ndiyo njia ya kupima. Betri ndiyo inayotuliza volti.

Kobe68:
Nimepima. Baada ya kuichaji kwa chaja na kuilaza usiku kucha: 12.6. Nikikanyaga mafuta bila taa: 13.1. Na taa kubwa: 12.3.

FundiNyaya:
Vizuri. Imelala usiku kucha haijashuka, kwa hiyo hakuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Hilo tuliache.

MzeeWaDainamo:
Mwanangu, huo wekundu hafifu ndio unaosema kweli. Ile taa imekaa kati ya pande mbili: upande mmoja dainamo, upande mwingine umeme wa betri unaopitia swichi. Volti zikilingana, inazimika. Dainamo ikifa kabisa, inawaka wazi. Ikiwaka kwa mbali, maana yake dainamo inazalisha, ila volti zinapotelea njiani kabla ya kufika upande wa pili.

Inua kiti cha nyuma. Regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa dainamo, iko kushoto, betri kulia. Weka ncha moja ya mita kwenye waya wa D+ unaotoka kwenye dainamo, nyingine kwenye waya wa B+ unaotoka kwenda kwenye betri. Gusa chuma cha waya wenyewe, usiguse pini ya regyuleta, ili kiungo nacho kiingie kwenye kipimo. Washa taa kubwa, kanyaga mafuta. Isizidi sana nusu volti.

Kobe68:
Mzee, shikamoo. Inasoma 1.6!

MzeeWaDainamo:
Marahaba. Zima gari, chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, B+ haina fyuzi. Kisha chomoa kichwa cha waya wa B+ ukiangalie.

Kobe68:
Kimeungua. Plastiki imeyeyuka upande mmoja, shaba imekuwa nyeusi, na kilikuwa kinachezacheza kwenye pini. Nimekata mpaka kwenye shaba safi, nimefunga kichwa kipya kwa koleo, pini nimeisugua kwa msasa laini.

Sasa betri inasoma 14.0 bila taa, 13.6 na taa kubwa. Jana usiku nimeendesha saa nzima, ule wekundu haupo kabisa. Kumbe dainamo ya baba ilikuwa inafanya kazi muda wote huu. Nashukuru sana wakuu.

FundiNyaya:
Safi sana. Pini iliyowahi kupata moto hulegea. Baada ya safari ya usiku zima gari, chomoa hasi, kisha shika hicho kichwa kwa vidole. Kikiwa cha moto, regyuleta yenyewe ndiyo ya kubadilisha. Na mkanda uuangalie kila wiki, maana kwenye Beetle ndio unaozungusha pia feni ya kupooza injini.

Kobe68:
Nimeshika leo. Baridi.