Naombeni ushauri: nisimame Jumamosi niseme serikali za kaunti zifutwe, au ninyamaze?

Mtaka Nuru:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Hapa kwetu Kenya, kijijini, kuna kikundi cha wazee na vijana wanaokusanya saini serikali za kaunti zifutwe, tubaki na serikali moja. Jumamosi kuna mkutano sokoni na nimeombwa niwe msemaji. Hoja ninazo: misafara ya magavana, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) anajenga ghorofa huku zahanati ya wadi haina hata dawa ya kichwa. Lakini kila nikishika kalamu niandike hotuba, mkono unakuwa mzito. Mke wangu hataki hata kusikia. Je, hizi kaunti 47 tunazihitaji kweli? Nishaurini kwa heshima, nina siku nne tu.

Kahawa Chungu:
Zifutwe jana.

Mtoto wa Wajir:
Kahawa, wewe lami umezaliwa ukaikuta. Mimi nimesoma Wajir mjini mpaka darasa la nane sijaiona. Lori likikwama mchangani mbele ya duka letu, tulitoka na magunia tuyatandike chini ya magurudumu. Lami ya kwanza mjini tuliiona baada ya kaunti kuanza 2013. Na msidhani ilikuwa bahati mbaya. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 ulisema waziwazi kwamba pesa za maendeleo zipelekwe penye ardhi nzuri na mvua, ndipo zitakapozaa zaidi. Sisi tukaambiwa tungoje. Tumengoja karibu miaka 50. Mleta uzi, ukisimama hapo sokoni, kumbuka unawasemea na watu wa huku.

Bi Nyota:
Mdogo wangu, mkeo amekataa, basi. Mume wangu alisimama udiwani 2002. Akauza ng'ombe wawili na cherehani yangu. Kura alipata 61. Cherehani sijaiona mpaka leo.

Mzee wa Kisauni:
Wanangu, haya tulishayafanya. Nchi hii ilipata uhuru 1963 ikiwa na majimbo, saba ukiacha Nairobi, kila moja na bunge lake. Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU kilichotetea majimbo, alikuwa rais wa jimbo letu la Pwani. Kufika Desemba 1964 KADU imejivunja, Jamhuri imeingia, majimbo yamekwisha. 1966 Seneti nayo ikafutwa. Tulichopata ni kupanda basi kwenda Nairobi kufuatilia barua. Marehemu kaka yangu alifuatilia uhamisho wa ualimu miaka mitatu, analala kwa jamaa Pumwani, na faili lake likawa "limetoka kidogo".

Wakili Mtaani:
Mkuu, soma kwanza njia unayoiendea. Kwa kifungu cha 257 cha Katiba unahitaji saini milioni moja. Ukizipata, mswada unapelekwa kwenye mabunge ya kaunti, na lazima 24 kati ya 47 yaupitishe. Yaani unawaomba MCA wapige kura ya kufuta kazi yao wenyewe. Punguza Mizigo, mswada wa kubadili Katiba wa 2019, haikugusa kuwepo kwa kaunti, na bado ilizimwa hukohuko kwenye mabunge ya kaunti. Baada ya hapo kuna kura ya maoni, maana ugatuzi unalindwa na kifungu cha 255.

Kama tatizo ni kaunti moja, kuna kifungu cha 192 cha kuisimamisha. Makueni walijaribu. 2014 gavana na bunge lake waligombana hadi risasi zikalia, wananchi wakaomba ivunjwe, tume ya uchunguzi ikakubaliana nao, Rais Uhuru akakataa 2015. Leo watu wanakwenda Makueni kujifunza, kuona hospitali ya mama na mtoto pale Wote na kiwanda cha maembe pale Kalamba. Ingevunjwa siku ile tusingejua.

Kahawa Chungu:
Makueni ni moja. Zilizobaki 46?

Nesi Mstaafu:
Kijana, kuna kitu unatuficha. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya Katiba. Kaunti imekukosea nini wewe?

Mtaka Nuru:
Hilo si muhimu, mama. Hoja ni ya nchi nzima. Mgao wa kaunti kutoka serikali kuu ulianza shilingi bilioni 190 mwaka 2013/14, ukafika bilioni 385.4 mwaka 2023/24. Zimekwenda wapi?

Nesi Mstaafu:
Nimekuuliza kuhusu wewe.

Mtaka Nuru:
Sawa. Naidai kaunti. Nilipata tenda ya viti 240 na meza 40 za watoto, shilingi 612,000. Nikachukua mkopo wa sacco, dhamana hati ya shamba la mama yangu. Nilipeleka mzigo 2021. Kila nikienda naambiwa mfumo uko chini, vocha iko mezani, Hazina haijatuma. Sacco wameleta barua ya mwisho. Mama hajui.

Lakini msiseme nafanya hivi kwa kisasi. Deni limenifungua macho tu. Tena nimeshachapisha fomu 3,000 za saini kwa pesa yangu, wazee wameniamini. Sasa nirudi nyuma vipi?

Bi Nyota:
Mwambie mama leo. Leo hii.

Chuma Doriani:
Wakuu, mnachangia chai hapa, hadithi ya kutunga. Akaunti imefunguliwa juzi. Mtu ana shida ya deni lakini takwimu za mgao zinamtoka kichwani kama mchumi. Halafu kaunti haihusiki na shule ya msingi, kazi yake ni chekechea. Viti alivipeleka wapi? Huyu anawapimia upepo wagombea wa uchaguzi wa 2027.

Kahawa Chungu:
Chai, na maziwa yamezidi.

Mtoto wa Wajir:
Mimi nilishaanza kumwonea huruma. Mkuu, jibu.

Mtaka Nuru:
Sijataja shule ya msingi popote. Ila chekechea yenyewe iko ndani ya uwanja wa shule ya msingi, vyumba viwili karibu na vyoo. Takwimu nimezikariri kwa ajili ya hotuba. Viti vina miguu ya chuma, nilivipaka rangi mwenyewe na mdogo wangu, buluu na kijani, mpaka saa nane za usiku, na koroboi maana stima ilipotea. Mwezi uliopita nilipita pale. Rangi imebanduka kwenye egemeo, na katoto kamoja kamefunga kiti kamba kanakiburuta kama gari. Nilisimama nje ya ua nikashindwa kuondoka. Kama ni chai, basi.

Chuma Doriani:
Nimekosea, mkuu. Samahani.

Mpare wa Milimani:
Nawasalimu kutoka Tanzania. Ndugu, hili la deni nalijua. Marehemu baba alikuwa anaiuzia halmashauri ya wilaya kokoto. 1972 serikali za mitaa zikafutwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Kila ofisi aliyoingia alijibiwa, "Aliyekukopa hayupo." Halmashauri za miji zikarudi 1978, za wilaya 1984. Akaenda tena na karatasi zake kwenye mfuko wa ngozi. Karani mpya akamwambia vitabu vya zamani hakuvikuta. Unataka kumzika mdeni wako kabla hajakulipa.

Wakili Mtaani:
Na hapa Kenya ni vilevile. 2013 mabaraza ya miji na wilaya 175 yalipoisha, madeni yake yalizungushwa kati ya kaunti na serikali kuu mwaka baada ya mwaka. Mleta uzi, niambie: kamati ya ukaguzi na upokeaji ilikupa cheti?

Mtaka Nuru:
Kamati gani?

Wakili Mtaani:
Wanaokuja kuhesabu mzigo na kutia saini. Sheria ya ununuzi ya 2015. Bila cheti chao, malipo yako hayana mguu wa kusimamia.

Mtaka Nuru:
Hakuna aliyekuja. Nina LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, na karatasi ya kupokelea, imepigwa muhuri wa mwalimu wa chekechea tu.

Nesi Mstaafu:
Yule mwalimu bado yuko?

Mtaka Nuru:
Yuko. Fomu sitazichoma, nawaambia ukweli, hasira bado ninayo. Ila Jumamosi wazee watafute msemaji mwingine. Kesho naanza na mama. Jumatatu nampitia mwalimu, twende naye makao makuu ya kaunti, na kiti kimoja.