Kadi yasema mgeni mmoja, launji ya Mombasa yasema hapana

Wenzangu, salaam. Huu ni uzi wa hasira. Anayetafuta nauli ya bei nafuu apite, hapa hatapata kitu.

Swali langu ni kwa mashirika ya ndege yanayoruka kutoka Mombasa: liko hata moja linaloweza kumwambia msafiri wake, kabla hajatoka nyumbani, kama mgeni wake ataingia launji, kile chumba cha kupumzikia uwanjani, au ataachwa mlangoni? Nasema kadi ile ambayo shirika huwapa wasafiri wake wa mara kwa mara, inayokufungulia mlango wa launji. Tovuti imeandika mgeni mmoja. Programu ya simu imeandika mgeni mmoja. Kile kijitabu kilichokuja na kadi, chenye picha ya bwana na bibi wanacheka na glasi mkononi, kimeandika mgeni mmoja. Kisha mtu afike uwanja wa Moi, avuke uhamiaji, asimame mbele ya meza ya launji, ndipo aambiwe kwamba hapa Mombasa mambo ni mengine!

Shirika langu silitaji, msinichimbe. Wenye kusafiri mtalijua wenyewe, na wengine mtagundua ni lenu pia.

Mimi nina duka la vitambaa mjini. Nafuata mzigo Dubai na Guangzhou, na miaka yote nimeng'ang'ania shirika moja hata pale ambapo jirani yake alikuwa na nauli ya chini na muda mzuri zaidi wa kuunganisha ndege. Sababu ilikuwa kadi. Wala si kwa tamaa ya juisi na sambusa za bure, sambusa zenyewe mnazijua. Nilijua itafika siku ya kumpeleka mamangu India kwa matibabu, na mtu mzima mwenye magoti mabovu na presha hafai kukalishwa masaa kwenye viti vya chuma.

Siku ikafika. Kwenye kaunta ya tiketi yule kijana akaisoma kadi yangu, akamwamkia mamangu kwa adabu, akaandika kile kikaratasi cha mwaliko wa launji na kukipiga muhuri. "Mama, nendeni mkapumzike, nyote wawili." Nyote wawili, kwa kinywa chake. Tukapita uhamiaji, tukapita ukaguzi, mamangu akavuliwa viatu akavishwa tena, tukafika. Binti wa mezani akakisoma kikaratasi, akapiga simu, aliporudi uso umembadilika. "Dada, samahani sana. Mkataba wetu na shirika lenu unamhusu mwenye kadi peke yake. Mama itabidi alipiwe."

Haya, nikasema nalipa, nitadai mbele ya safari. Mashine ya kadi haina mtandao. M-Pesa? Hawapokei. Taslimu? Hawaruhusiwi kushika taslimu. Muuza madafu wa Mama Ngina anapokea M-Pesa, launji ya uwanja wa kimataifa haipokei! Na hapo ndipo ubao ukabadilika, ndege imechelewa. Mamangu akaniambia, "Ingia wewe mwanangu, ule kitu. Mimi nitakaa hapa nivute uradi." Jamani, nani angeingia? Tulikaa wote nje na joto lile, mimi nampepea kwa boding pasi, yeye ananituliza mimi.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Tulipofika pa kubadilishia ndege, kwenye launji ya shirika lenyewe, kadi ile ile ilisomwa na mashine, tukakaribishwa wote wawili, mamangu akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kochi. Hakuna aliyeuliza swali. Kadi moja, safari moja, tiketi moja, mama mmoja. Kilichobadilika ni mji tu.

Nimeuliza watu wanaofanya kazi uwanjani, si hapa tu, na picha niliyoipata ni hii. Launji nyingi za viwanja vidogo si mali ya mashirika ya ndege. Ni za kampuni nyingine iliyokodi nafasi uwanjani, ikaweka makochi, chai na waifai, kisha ikaviuza viti kwa mashirika kwa mkataba. Kila kichwa kinachoingia huandikwa, ankara hupelekwa kwa shirika. Kwenye makao makuu, ambako launji ni yao, mgeni wangu ni kikombe kimoja zaidi cha chai. Huku kwetu mgeni wangu ni mstari mzima kwenye ankara. Basi yuko mtu ofisini, tena huenda Mombasa hajawahi kuikanyaga, aliyeupitia mkataba na kukata: mwenye kadi tu. Shirika likaokoa pesa. Lakini huyo mtu hakumwandikia karani wa kaunta, na hakutuandikia sisi tuliobeba kadi. Kijitabu kikabaki vile vile na picha yake ya glasi.

Kwa hiyo binti wa mezani simlaumu hata kidogo. Hesabu ya vichwa isipolingana ataulizwa yeye. Msimtukane mkipita pale.

Ndugu mmoja shirikani alinijibu kwa simu kwamba "masharti ya muungano", yaani kundi la mashirika ya ndege yanayotambua kadi za wenzao, ndiyo yanabana. Yakhe, masharti ya muungano nimeyasoma. Star Alliance, iliyoanza 1997, humpa mwenye kadi ya daraja la Gold mgeni mmoja, mradi mgeni naye awe anasafiri kwa ndege ya mwanachama wa muungano. Oneworld, ya 1999, humpa mgeni mmoja mwenye Sapphire na mwenye Emerald, na mwenye Ruby hana launji kwa kadi yake. SkyTeam, ya 2000, ambayo Kenya Airways iliingia 2010, humpa mgeni mmoja mwenye Elite Plus, ila kwa safari ya kimataifa; anayetoka Mombasa akaishia Nairobi asiitegemee kadi ya muungano. Yote matatu yanasema mgeni mmoja, na mamangu alikuwa nami ndege moja, viti vimepakana. Sharti gani alilovunja?

Jibu limejificha kwenye herufi ndogo. Star Alliance kwa mfano huzungumzia launji zinazomilikiwa na mashirika wanachama, zile zenye nembo ya Gold mlangoni. Za kukodi ni habari nyingine, kila shirika na mkataba wake. Kwa maneno mepesi, ahadi ya mgeni ina nguvu kule ambako shirika lina nyumba yake, na sisi wa viwanja vya pembeni tunategemea karatasi tusiyoonyeshwa. Ni kama kualikwa harusi Kibokoni na mtu wako, mkafika mlangoni mkaambiwa pilau ni ya mwenye jina kwenye kadi, huyo mwingine akatafute hoteli.

Halafu tuangalie ni nani anayesafiri kutoka Mombasa. Sheria hizi zimeandikwa zikimfikiria mtu mmoja mwenye mkoba na kompyuta, anayekwenda mkutanoni na kurudi kesho. Nendeni mkatazame foleni yetu. Ni mgonjwa anayekwenda India na binti yake na mkwewe. Ni mume na mke na bibi yao wanakwenda Umra. Ni mama mwenye watoto anayemfuata mumewe Ghuba. Watu wa huku hatusafiri mmoja mmoja tukiwa na mtu mzima au mgonjwa, haiwezekani, na wengine wametoka Lamu au Malindi usiku kucha kuja kupanda ndege. Mgeni mmoja kwetu tayari ni kidogo. Nao wanamkata hata huyo mmoja.

Najua mtasema ni dunia nzima. Ni kweli wanabana kila pahali. American Express, kampuni ya kadi za malipo huko Marekani, iliondoa wageni wa bure kwenye launji zake za Centurion kwa wenye kadi ya Platinum kuanzia 1 Februari 2023, labda uwe umetumia dola 75,000 kwa mwaka kwenye kadi yao, karibu shilingi milioni 10 za kwetu. Watu walipiga kelele, na hasira zao nazielewa. Lakini angalau walitangaziwa: tarehe hii, bei hii, sharti hili. Mtu akaamua kubaki au kuirudisha kadi. Mimi nani alinitangazia?

Na hili si suala la heshima peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Habari hizo ni zipi kama si hii? Nimenunua tiketi kwa bei ya juu kwa sababu ya ahadi iliyoandikwa. Kama ahadi haifiki Mombasa, iandikwe kwamba haifiki Mombasa. Mstari mmoja kwenye tovuti, penye jina la mji: "Mombasa, mwenye kadi tu." Ningelikasirika siku hiyo, ningelipanga mambo mengine, ningempeleka mamangu kwa njia nyingine. Nimewaandikia hivyo hivyo. Walichonijibu ni shukrani kwa "maoni yangu yenye thamani" na kwamba huduma "hutegemea upatikanaji wake mahali husika". Launji ilikuwepo! Kochi lilikuwa tupu, nililiona kwa macho yangu mlango ulipofunguliwa.

Nimerudi, nimeyasoma majibu yenu mpaka sasa.

Aliyeandika kwamba ningempa mamangu kadi aingie yeye: jina la kwenye kadi na la kwenye boding pasi lazima yalingane. Tungeaibika mara mbili.

Aliyeandika "si ukate bizness, acha kulia": sawa mkubwa, wenye pesa mna majibu mepesi. Lakini fuatilia kwanza. Kwenye Star Alliance na Oneworld, tiketi ya bizness peke yake hukuingiza wewe bila mgeni. Anayekupa mgeni ni kadi, au tiketi ya fasti klasi, na fasti klasi kutoka Mombasa utaingoja sana. Kwa hivyo ningelipia bizness watu wawili ili mama mmoja akae kwenye kochi. Piga hesabu hiyo, kisha urudi.

Wanaopigia debe kadi za benki zenye launji za bure, hilo ni wazo zuri kwa anayesafiri peke yake. Muulize mtu wa benki yako kuhusu mgeni kabla hujafurahi. Kwenye kadi nyingi za aina hiyo mgeni anaingia vizuri kabisa, anakula, anakunywa, kisha dola zake zinakatwa kwenye akaunti yako ukiwa umeshasahau. Nina jamaa amekatwa ya watoto wake wote. Tena kila benki ikigawa kadi hizo ndivyo launji zinavyojaa, na zikijaa wa kwanza kuzuiwa ni mgeni.

Na yule ndugu wa Zanzibar aliyesema kwao huwa inategemea zamu ya nani yuko mezani, asante, umenisaidia kuliko shirika zima. Maana yake hata huo mkataba hauko wazi kwa wanaousimamia.

Ninachotaka kutoka kwenu si pole. Nataka tujikusanyie wenyewe orodha wanayotunyima. Aliyesafiri karibuni kutoka Mombasa, Malindi, Kilimanjaro, Dar au Zanzibar na kadi ya juu ya muungano wowote, aandike: uwanja, kadi gani, mgeni aliingia au hakuingia, na aliambiwa nini. Shirika mkitaka litajeni, mkiogopa andikeni muungano tu. Kama pana tangazo mezani lipigeni picha, lakini msimpige picha mfanyakazi.

Mamangu ana kliniki nyingine India baada ya Ramadhani, na tiketi sijanunua. Nimewaandikia tena, safari hii swali ni fupi mno: Mombasa, mgeni mmoja, ndiyo au la? Jibu lao nitaliweka hapa lote, nukta na mkato. Wasipojibu kabla ya kukata tiketi, yule jirani mwenye nauli ya chini atanipata mimi, mamangu, na mzigo wangu wa Guangzhou.