Mkopo wa asilimia 10 bila mahali pa kumwacha mtoto: tujadili

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, naliweka hapa tulipime pamoja.

Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wananchi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikianza kwa majaribio kupitia benki. Tangu hapo tunabishana jambo moja tu: nani agawe na nani adai. Benki, au afisa maendeleo ya jamii?

Mimi nina swali lingine. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, akishapata huo mkopo, anaufanyia kazi saa ngapi kwa siku?

Nauza nyanya sokoni mwaka wa tisa sasa. Magari ya mzigo yanashuka usiku. Anayefika saa kumi alfajiri anachagua tenga na anapatana bei na mwenye mzigo. Anayefika saa mbili asubuhi ananunua kwa mtu wa kati, tena nyanya zilizobaki. Jirani yangu wa meza hawezi kufika saa kumi, kwa sababu mtoto hana pa kumwacha saa hizo. Mkopo alipata, na mtaji wake ni mkubwa kuliko wangu. Lakini kila tenga analonunua limeshapandishwa bei kabla halijafika mezani kwake, na mtoto analala kwenye boksi chini ya meza mpaka jua lishuke. Akiumwa mtoto, meza inafungwa siku tatu. Rejesho halisubiri. Mwezi wa tano alikwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili alipe mkopo usio na riba. Naomba mrudie sentensi hiyo mara mbili.

Hoja yangu: kabla ya kuongeza mikopo, sheria iruhusu sehemu ya ile 4 ya wanawake ijenge na kuendesha kituo cha kulelea watoto ndani au jirani ya kila soko kubwa. Mama achangie ada, halmashauri ijazie.

Wanaodhani mkopo peke yake unatosha, waangalie tafiti sita kuhusu mikopo midogo zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Ya India ilifanyika Hyderabad, na miongoni mwa watafiti walikuwa Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye, mwaka 2019, walipata Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Zote sita ziliona karibu kitu kimoja: watu walipata nafasi zaidi ya kupanga biashara na matumizi yao, lakini umaskini haukuondoka kama tulivyoahidiwa. Hyderabad, waliofaidi zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na biashara kabla ya mkopo. Sisemi mkopo ni mbaya. Mimi mwenyewe nilianza na fedha za kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nasema mtaji bila muda ni nusu ya mtaji.

Mchangiaji wa kwanza (afisa maendeleo ya jamii, kata ya mjini)

Dada yangu, nakuheshimu, na huyo jirani yako namfahamu ingawa sijamwona, maana ninao kama yeye wengi. Ila hapa nakupinga.

Fedha za asilimia 10 ni za mzunguko. Kikundi A kinarejesha, kikundi B kinakopa. Ukijenga kituo, fedha imekaa kwenye tofali, hairudi. Nina vikundi vinavyosubiri tangu mikopo iliposimamishwa, akina mama wameshafungua akaunti, wameshaandika katiba, wameshapata mafunzo. Niwaambie nini? Kwamba zamu yao imejenga ukuta?

Halafu tuseme ukweli kuhusu usimamizi. Ikiwa tulishindwa kudai fedha zilizokopwa kwa majina na namba za simu, nani atakagua uji wa watoto 40 kila siku? Soko ni mali ya halmashauri, ushuru mnalipa kila siku. Kituo kidaiwe kwenye ushuru huo. Msiguse mfuko wa mikopo.

Mchangiaji wa pili (Morogoro)

Wanangu, mimi ni mtu mzima kidogo hapa. Mama yetu alitulea saba, wote tumepitia mgongoni shambani, hakuna aliyekosa akili. Mtoto analelewa na bibi, na shangazi, na majirani. Naogopa tukianza kupeleka watoto wa miaka miwili kwa watu wa kulipwa, kesho bibi atakuwa mgeni kwa mjukuu wake.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Ningependa iwe hivyo. Lakini bibi wa watoto wengi wa sokoni kwetu yuko Lushoto, au Mahenge, na mama amepanga chumba kimoja Buguruni na majirani wote wanatoka alfajiri. Anayebaki na mtoto ni dada yake wa miaka kumi, ambaye alitakiwa awe darasa la nne. Huyo ndiye mlezi wetu wa kweli mjini, na yeye pia ni mtoto.

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Naomba niongeze kutoka huku jirani. Katika mtaa wa Korogocho, watafiti waliwagawia akina mama vocha za kulipia malezi ya mchana, wengine wakapewa, wengine hawakupewa, kwa kura. Waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi uliozidi wenzao kwa pointi nane na nusu za asilimia. Ongezeko hilo lilikuwa hasa kwa walioolewa. Akina mama wanaolea peke yao, wengi walikuwa tayari wanafanya kazi, maana wangekula nini? Kilichobadilika kwao ni saa. Walihamia kazi za saa zinazoeleweka, wakafanya kazi muda mfupi zaidi, na kipato hakikupungua.

Hilo la pili ndilo linanigusa. Mama mboga anayelea peke yake hata hakuhitaji kuhimizwa afanye kazi. Alikuwa anachoka bure.

Uganda nako walipima kwa njia inayofanana na ubishi wenu: mama mmoja akalipiwa malezi ya mtoto, mwingine akapewa fedha taslimu za thamani hiyo hiyo. Waliolipiwa malezi, kipato cha nyumba kilipanda na watoto wakakua vizuri zaidi kimakuzi. Kwa hiyo si lazima uchague kati ya mama na mtoto.

Mchangiaji wa nne (ana kituo, Arusha)

Mimi ndiye mnayemzungumzia. Nina kituo mwaka wa nne, nilikianza sebuleni kwangu na watoto sita.

Watu wanadhani kituo ni chumba na mkeka. Ili afisa ustawi wa jamii akupitishe unahitaji nafasi, choo cha watoto, maji, jiko lililotengwa, uzio, mlezi aliyepata mafunzo. Ni haki kabisa, ni maisha ya watu yale. Lakini wazazi wangu wanalipa kwa siku. Mvua ikinyesha, soko halina watu, mtoto haletwi au analetwa bila hela. Nimrudishe mlangoni? Simrudishi. Mwisho wa mwezi mshahara wa mlezi unatoka kwenye mfuko wangu, na hapo ndipo vituo vingi vinapoanza kujaza watoto kupita kiasi. Unakuta mlezi mmoja na vichwa thelathini, wanalazwa mchana kutwa ili wanyamaze. Nimeona kwa macho yangu mahali nilipofanya kazi zamani, na ndiyo sababu niliondoka.

Nataka kusema hili kwa uchungu: kituo cha rahisi kupita kiasi kinaweza kumdhuru mtoto kuliko lile boksi chini ya meza, kwa sababu kwenye boksi mama yake yuko pale, anamsemesha.

Na afisa wetu hapo juu, nikuulize kaka: mbona sisi tunaotaka kufungua vituo hatukopesheki? Nilipeleka andiko na wenzangu wanne. Tukaambiwa "hii siyo biashara, ni huduma." Kufuga kuku ni biashara, kulea binadamu siyo?

Mchangiaji wa tano (muuguzi, kliniki ya mama na mtoto)

Dada wa Arusha amesema la maana kuliko wote. Kliniki tunapima uzito, tunachanja, basi. Tunajua kama mtoto ameongezeka, hatujui kama kuna mtu anaongea naye.

Kule Jamaica, Kingston, miaka ya 1980, walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya ya jamii, siyo profesa, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza wenyewe. Miaka ishirini baadaye waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao. Wengine walipewa chakula cha nyongeza, na chakula peke yake hakikuacha alama hiyo ya kudumu.

Programu yetu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mkijenga jengo, mmegusa la mwisho tu. Andaeni kwanza mlezi, ukuta baadaye.

Mchangiaji wa kwanza

Dada wa Arusha, nakubali kosa hilo lipo. Sheria haikukatazi, anayekukataza ni mtu anayeogopa kwamba hutarejesha. Kikundi cha kituo kina marejesho madogo na ya kuchelewa, na mimi napimwa kwa marejesho. Nikikupa wewe na ukachelewa, jina langu ndilo linasomwa kwenye kikao. Nasema hivi ili mjue kizuizi kiko wapi.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nabadilisha hoja yangu sehemu moja: sitaki tena tofali zitoke kwenye mfuko wa mikopo. Afisa yuko sahihi, kuna wanawake wanasubiri zamu. Jengo tulidai kwenye ushuru wetu, na mkopo waupate vikundi vya walezi, kwa muda wa kurejesha unaolingana na ada inayolipwa kwa siku. Waliopima marejesho ya kuku wanaweza kupima na haya.

Kule Gujarat, India, chama cha wanawake wa sekta isiyo rasmi, SEWA, kilianzisha benki yao mwaka 1974, wanawake 4,000 wakichanga rupia kumi kumi. Hawakuishia kwenye benki. Walianzisha na ushirika wa kulea watoto, kwa sababu wanachama wenyewe waliwaambia mtoto yuko kazini nao.

Ila sikubaliani na wazo la kusubiri mpaka kila kitu kiwe safi. Mwajiriwa anapewa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa sheria. Mama wa meza ya nyanya hapewi hata moja, na darasa la awali linampokea mtoto akishakua. Katikati hapo ni miaka ya kichwa chenyewe kujengeka, na hakuna ofisi inayosema miaka hiyo ni yake.

Jumamosi hii, kabla ya mkutano wa soko, tunapita meza kwa meza kuhesabu watoto walio chini ya miaka mitano. Muuguzi, kama una karatasi ya maswali ya kuuliza akina mama, naiomba. Dada wa Arusha, tuandikie hapa gharama za mwezi mmoja wa kituo chako, mstari kwa mstari, mshahara wa mlezi ukiwa wa kwanza. Nataka mwenyekiti aone hiyo namba kabla hajatuambia haiwezekani.