Naombeni ushauri: hawa Wamorisko niwaeleze vipi darasani?

Habarini wakuu, shikamooni wakubwa. Nafundisha historia fomu faivu, naandaa kipindi cha dini Hispania na nimekwama kwa Wamorisko, wale Waislamu waliobatizwa kwa lazima. Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu Hispania, ilisalimu amri 1492 kwa mkataba kabisa kwamba dini yao haitaguswa, miaka kumi tu mbele 1502 Waislamu wa ufalme wa Castilla wakaambiwa ubatizwe au uondoke, ufalme wa Aragón ukafuata 1526, halafu kuanzia 1609 mpaka 1614 wakafukuzwa karibu laki tatu, na hapo kwenye vitabu vya kanisa walishakuwa Wakristo! Hii inaniuma sana.

Kilichonigusa zaidi ni maandishi yao, Kihispania kwa herufi za Kiarabu, vilevile babu zetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Mwaka 1884 kule Almonacid de la Sierra, kijiji cha Aragón, nyumba ikibomolewa wakakuta vitabu vimefichwa chini ya sakafu bandia.

Juzi nilijaribu kuandika ubaoni "Waislamu wa siri", mwanafunzi mmoja akauliza, na wale walioamini Ukristo kweli wakafukuzwa vilevile tuwaite nani mwalimu? Nikakosa jibu, na darasa lenyewe ni mchanganyiko, wakaanza kuvutana.

Sasa naombeni mnisaidie, niwaite jina gani la Kiswahili lisilowahukumu? Na nianze na mkataba au na vile vitabu vya sakafuni, ili mjadala usigeuke dini yangu dini yako? Kipindi ni Alhamisi.