Maumivu ya kiuno: McKenzie, kukaza misuli ya tumbo, au kukandwa?

Pingili
Wakuu, kiuno kinanisumbua, maumivu yanashuka hadi pajani. Nikikaa yanazidi, nikitembea yanapungua. Picha ya MRI inaonyesha diski (mto laini kati ya pingili za mgongo) imetokeza. Nianze na tiba ipi?

Kifudifudi
Mkuu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Diski iweke kando kwanza: hata kati ya vijana wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, takriban 30% picha zao huonyesha diski iliyotokeza. Kinachonivutia ni hilo la kukaa na kutembea.

Mwaka 1956, huko New Zealand, Robin McKenzie alimkuta mgonjwa wake amelala kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kifua, na maumivu ya mguu yamepotea. Njia yake ilianzia hapo. Lala kifudifudi, viganja usawa wa mabega, nyoosha mikono uinue kifua, nyonga zibaki chini na mgongo ulegee. Rudia mara kumi, kisha jiulize: maumivu yako wapi sasa? Yakipanda kutoka pajani kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, ni dalili njema. Yakishuka kuelekea kwenye shavu la mguu, acha. Kuna watu wanaohitaji mwelekeo tofauti kabisa.

Nguzo
Mimi natetea mazoezi ya msuli wa ndani wa tumbo. Utafiti wa Australia miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa wenye maumivu ya kiuno msuli huo huchelewa kukaza mtu anapoinua mkono.

Kifudifudi
Ni kweli, Nguzo, ila yalipolinganishwa na mazoezi mengine hayakuonyesha ubora mkubwa. Tena ninaona wagonjwa walioambiwa mgongo wao "umelegea": wanakaza tumbo kutwa nzima, hata kuokota kalamu wanabana pumzi. Hao mimi huwafundisha kulegeza misuli.

Mama Salama
Na mkanda wa kiuno? Na ile mashine ya umeme ya kutuliza maumivu?

Kifudifudi
Dada, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu unashauri visitumike kama tiba ya kawaida: mkanda, mashine ya umeme, hata kuvuta mgongo kwa uzito. Kukandwa hakukukataliwa, lakini kusisimame peke yake.

Hatua
Maumivu yakiisha, tembea! Jaribio la Australia lililochapishwa 2024 lilikuwa na watu 701 waliokuwa wamepona karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na mafunzo walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu kurudi. Wenzao wasiopewa chochote, siku 112.

Pingili
Asanteni sana. Naanza na kifudifudi, nitaangalia paja linasemaje.

Kifudifudi
Vizuri. Ila ukipata ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, usijaribu zoezi lolote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.