Tupeane uzoefu: uliyewahi kuchimbiwa karibu na nyumba, reli ya chini ya ardhi Dar unaionaje?

Wakuu, salaam. Kila foleni ikikaza pale Buguruni, hamkosi mtu kwenye daladala wa kusema tuchimbe treni ipite chini, mbona Cairo wanayo tangu 1987. Siipingi hata kidogo, mji umejaa. Ila naomba leo tuwaongelee wanaobaki juu ya shimo.

Nianze na langu. Naishi Ilala, kwenye nyumba aliyoacha baba. Kiwanja cha jirani walipochimba msingi wa ghorofa lenye maegesho chini, vikombe vilikuwa vinagongana kabatini mchana kutwa. Asubuhi moja mama akaniita chumbani kwake. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukapanda hadi kwenye dari, sarafu ya mia mbili inaingia bila kulazimisha. Nikaenda kudai. Nikaulizwa: una ushahidi gani kwamba haukuwepo? Sikuwa nao. Nikaziba kwa saruji yangu, masika yalipokuja ukarudi palepale.

Aliyepitia haya, au aliyefanya kazi za chini, karibu aseme.

KIBARUA WA KILOSA: Pole sana mkuu, na mama mpe pole. Mimi nilifanya kazi kwenye mahandaki ya SGR kule Kilosa. Mlima ni mwamba: mnatoboa matundu, mnaweka baruti, mnatoka nje, inalipuka, kifusi kinazolewa, zege linapulizwa ukutani, ndipo mnasogea. Juu yetu hakukuwa na chumba cha mama wa mtu. Na reli hiyohiyo ilipoingia mjini huku ilipandishwa darajani hadi Stesheni.

CHIMBA VISIMA: Mlima na Dar ni vitu viwili. Nina miaka ishirini nachimba visima na mashimo ya vyoo. Magomeni ya kule bondeni, upande wa Jangwani, nimewahi kukuta maji kabla kifua changu hakijazama. Na maji si tatizo peke yake. Ukiweka pampu, chota kwenye ndoo uangalie: yakitoka meupe, salama. Yakiwa na mchanga, zima haraka, kwa sababu mchanga huo unatoka chini ya nyumba ya jirani. Hata yakitoka meupe, ukivuta siku nyingi ardhi inakauka na kushuka. Ndugu wa Ilala, nadhani ufa wako ulianzia kwenye pampu kuliko kwenye mtikisiko.

NIPO LONDON: Shikamoo wakubwa. Nilikuwa msafishaji wa ofisi hapa wakati wanachimba reli ya Elizabeth. Mitambo minane, kila mmoja kama tani elfu moja, na walivyo na desturi, yote wakaipa majina ya wanawake. Kichwa kinazunguka kinakwangua udongo, nyuma yake mtambo wenyewe unapanga vipande vya zege kuwa pete, kwa hiyo shimo halikai wazi. Udongo wa London kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi mgumu, unashika vizuri. Bado hawakuuamini. Kwenye kuta za majengo ya juu walibandika vioo vidogo kama macho ya paka, na kifaa kikawa kinavipima kutwa kucha kuona kama ukuta umeshuka hata milimita chache. Majengo yalikaguliwa kabla ya mtambo kufika, nyufa za zamani zikaandikwa. Hicho ndicho alichokosa kaka wa Ilala, na hakikupaswa kuwa kazi yake. Pamoja na yote hayo, reli iliyotakiwa kufunguliwa Desemba 2018 ilifunguliwa Mei 2022.

MAMA WA GEREZANI: Mimi nauza chakula. Ujenzi wa barabara ulinizungushia mabati miezi mingi, wateja wakapotea. Fidia ikahesabiwa kwa wenye majengo, sisi wenye meza hatukuulizwa. Wakichimba, watuandike na sisi.

MKAZI WA ILALA: Asante dada, hilo sikuwa nimeliwaza. Chimba Visima, pampu ilinguruma wiki tatu usiku na mchana. Sasa na upande wa pili wanataka kuchimba. Nifanye nini kabla hawajaanza?

CHIMBA VISIMA: Kesho asubuhi piga picha kila ukuta, weka gazeti la siku hiyo pembeni. Mwite mjumbe ashuhudie, serikali ya mtaa wagonge muhuri. Halafu bandika kipande chembamba cha jasi kukatiza ufa wa mama, uandike tarehe juu yake. Jasi haivutiki. Ikipasuka, ujue nyumba imetembea, na siku hiyohiyo uwaambie wazime pampu.