Naombeni ushauri: mchumba wangu ni vegani, wikiendi hii tunavuka Unguja

Mpole wa Mbagala:
Wakuu, habari za muda huu. Jumamosi asubuhi napanda boti na mchumba, Jumapili jioni tunarudi Dar. Yeye ni vegani: hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, hata asali hagusi. Nimeshalipia branchi ya Jumapili kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, 60,000 kwa kila mtu, hela hairudi. Leo nawapigia kuuliza wana nini kwa mtu wa hivyo, dada akanijibu, "Ipo saladi ya kuku, ila kuku tutamtoa." Nifanyeje? Usingizi sipati.

Chongo la Mbao:
60,000 kula majani? Mbuzi wangu wanakula hayo hayo na hawajawahi kuniletea bili.

Bi Mkubwa wa Darajani:
Mwanangu, hiyo branchi sie twaiita chai ya mtu aliyelala sana. Mtoe mtoto wa watu hotelini. Mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, vitumbua, bajia za kunde, vyote hivyo havina mnyama. Mandazi uliza yamekandwa kwa tui au maziwa, chapati uliza samli au mafuta. Mkate wa kumimina nao uulizie, wengine hutia ute wa yai. Urojo mwambie asitie yai wala mishkaki. Kachori ale, ni mbatata tupu. Katlesi aache, mna nyama ndani.

Mzee wa Injera:
Mimi nilikaa Addis Ababa miaka miwili. Kule Wakristo wa Orthodox Jumatano na Ijumaa hawali nyama, mayai wala maziwa. Unaingia mgahawa wowote unasema "tsom", yaani mfungo, inashuka injera, ule mkate wao kama chapati, na dengu, shiro, mchuzi wao wa unga wa kunde, na mboga za majani. Sina ushauri, nimekumbuka tu.

Shangazi Mkavu:
Swali kwa mleta mada. Huyo mchumba mko naye muda gani, na nyumbani anakula nini? Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya saladi. Sema ulichoficha.

Mpole wa Mbagala:
Miezi saba. Haya, niseme. Anapenda maharage yangu kuliko chakula chochote. Yana samli. Kijiko kimoja tu! Mara ya kwanza nilisahau, akalamba sahani, nikashindwa kusema. Sasa ameomba nimwandikie natia nini, akapike kwao. Ndiyo maana nataka ale vizuri kwanza, afurahi, nimwambie kwenye boti ya kurudi. Na kusema ukweli, samli haijaua ng'ombe.

Shangazi Mkavu:
Hapa ng'ombe hana kesi, mwenye kesi ni wewe. Je, kama maziwa yanamdhuru?

Mpole wa Mbagala:
Hayajamdhuru miezi saba, shangazi.

Chongo la Mbao:
Kwenye boti? Ule mkondo ukichafuka samli yote mnairudisha.

Mama Wawili:
Mume wangu aliapa hali bamia. Mwaka wa tatu huu anazila, anaambiwa ni mlenda. Ndoa ipo.

Mpole wa Mbagala:
Asante mama. Halafu si mgeni kihivyo, mwaka jana nilimpeleka Forodhani, saa nne asubuhi tukala urojo, hakuna aliyelalamika.

Nahodha Mstaafu:
Simama hapo. Forodhani meza zinapangwa jioni. Saa nne asubuhi ulikula urojo na paka? Halafu mwaka jana, na mko pamoja miezi saba? Wakuu, hii chai.

Chongo la Mbao:
Chai ya maziwa. Mchumba haruhusiwi.

Mzee wa Injera:
Kumbe! Si huyu aliyekuwa na mke wa Tanga asiyekula pweza?

Mpole wa Mbagala:
Pweza ilikuwa ya rafiki yangu. Na Forodhani nimechanganya, ilikuwa Darajani. Miezi saba ni tangu uchumba rasmi. Mnaniandama bure, mimi nina shida ya kweli.

Nahodha Mstaafu:
Weka picha ya tiketi.

Bi Mkubwa wa Darajani:
Iwe chai, iwe kweli, mbaazi huisha mapema. Ukifika saa tano utakuta sufuria inasuguliwa.

Mpole wa Mbagala:
Twende saa ngapi, bibi?

Bi Mkubwa wa Darajani:
Saa moja na nusu muwe mshakaa.

Mpole wa Mbagala:
Yeye haamki kabla ya saa nne.

Bi Mkubwa wa Darajani:
Basi mpikie maharage.